Kilainishi cha risasi

Kilainishi cha risasi ni kitu laini, kwa kawaida mchanganyiko wa nta na mafuta, kinachopakwa juu ya risasi iliyosubiwa kwa metali ya risasi ili iweze kupita ndani ya mtutu wa bunduki bila kuacha mabaki ya metali. Kwa karne nyingi vilainishi vilivyotumika zaidi vilikuwa shahamu ya wanyama na nta ya nyuki. Siku hizi vinatumika pia mafuta ya viwandani, nta za kutengenezwa na rangi ya unga inayookwa.

Historia ya kilainishi inagusa Afrika ya Mashariki kwa njia mbili. Kwanza, silaha za kale zilizoingia kwa misafara zilihitaji kulainishwa. Pili, nta ya nyuki, iliyo kiungo kikuu, ni zao la misitu ya Tanzania ya kati na magharibi, ukiwemo mkoa wa Singida.

Jina na maana

Neno "risasi" limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya metali nzito yenye alama ya kikemia Pb. Katika Kiswahili neno hilohilo hutaja metali, kitu kinachorushwa na bunduki, na hata kifurushi kizima chenye ganda, baruti na fataki. Katika makala hii "risasi" ni kile kinachoruka kutoka mtutuni, na elementi yenyewe inaitwa "metali ya risasi".

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyushwa ndani ya kalibu na kuiacha igande. Metali ya risasi inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu inayeyuka kwenye joto la sentigredi 327.5 tu, wakati shaba inahitaji sentigredi 1,085. Tena ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3. Lakini ni laini kiasi kwamba hukwaruzika kwa ukucha, na hapo ndipo tatizo la ulainishaji linapoanza.

Kwa nini risasi hulainishwa

Baruti inapowaka ndani ya mtutu, gesi yenye shinikizo kubwa huisukuma risasi mbele. Risasi hukaza katika kuta za mtutu, na msuguano huzalisha joto. Kama metali ni laini na haina kinga, chembe zake hubaki zikiwa zimeganda kwenye chuma. Mabaki hayo yakirundikana, mtutu huwa mwembamba, shabaha huharibika, na usafishaji huwa mgumu.

Msuguano si sababu pekee. Risasi isipojaza mtutu sawasawa, gesi ya moto hupenya pembeni mwake na kuichoma kingo zake. Metali iliyochomwa hurushwa mbele na kuganda mtutuni. Kwa hiyo kilainishi kizuri hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupunguza msuguano na huziba nafasi ndogo zinazopitisha gesi.

Kazi ya tatu inahusu baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo haigeuki kuwa gesi bali hubaki kama masizi na chumvi. Baada ya kufyatua mara chache, masizi hukauka na kuwa kama ukoko wa sufuria, na risasi inayofuata haishuki tena kutoka mdomo wa mtutu. Kilainishi huyaweka masizi hayo laini ili risasi inayofuata iyasukume nje. Kwa sababu hiyo bunduki za kushindilia kwa mbele zilihitaji mafuta hata pale ambapo mwendo wa risasi haukuwa mkubwa.

Vilainishi vya asili

Shahamu ya ng'ombe na ya kondoo ndiyo iliyotumika mapema na kwa wingi. Ilipatikana kila mahali penye mifugo, ilikuwa nafuu na ililainisha masizi vizuri. Ubaya wake ni kwamba huoza, huvutia panya na wadudu, na katika nchi za joto huyeyuka na kupenya ndani ya baruti.

Nta ya nyuki ilitatua sehemu ya tatizo hilo. Nyuki vibarua huitoa kwa tezi zilizo chini ya fumbatio na kuitumia kujenga masega. Huyeyuka kwenye sentigredi 62 hadi 64, haiozi, haipitishi maji na hung'ang'ania juu ya metali. Ikiwa peke yake, hata hivyo, ni ngumu mno na hupasuka. Kwa hiyo ilichanganywa na shahamu au mafuta ya mimea. Mahali penye baridi mafuta yaliongezwa, na mahali penye joto nta iliongezwa. Kanuni hiyo bado inafuatwa na watengenezaji wa vilainishi.

Si kila mafuta ya mimea yanafaa. Mafuta ya zeituni na ya mbarika hukaa majimaji kwa muda mrefu. Mafuta ya kitani hukauka upesi yakikutana na hewa, ndiyo maana hutumika katika rangi za kuchorea. Mafuta ya alizeti, zao linalojulikana sana Singida, yako katikati: hayakauki kama ya kitani, lakini yakipakwa kwa utando mwembamba na kuachwa hewani huwa ya kunata kama gundi. Sababu ni kwamba asidi zake za mafuta huungana na oksijeni. Mpishi huona jambo hilohilo kwenye kikaango kisichooshwa.

Kulikuwa na njia kadhaa za kuweka kilainishi:

Kitambaa. Gololi ya metali ya risasi iliwekwa juu ya kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, kisha vyote vikasukumwa pamoja ndani ya mtutu kwa ufito.

Mifereji. Katika miaka ya 1840 huko Ufaransa zilitengenezwa risasi zenye umbo la pia. Zilichongwa mifereji kiunoni, na mifereji ikajazwa shahamu. Maarufu zaidi ni ile inayoitwa kwa jina la ofisa Mfaransa Claude-Étienne Minié.

Karatasi. Risasi ilizungushiwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, hivyo metali haikugusa chuma kabisa.

Kizibo cha nta. Kipande cha nta kiliwekwa kati ya baruti na risasi. Bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilitumia risasi ya karatasi pamoja na kizibo cha namna hiyo.

Kilainishi na uasi wa Uhindi wa 1857

Hakuna kilainishi kilicholeta madhara makubwa ya kisiasa kuliko kile cha bunduki ya Enfield ya mwaka 1853. Risasi yake na baruti vilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifundishwa kuirarua kwa meno kabla ya kushindilia.

Mwanzoni mwa 1857 uvumi ulienea katika jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kwamba mafuta hayo yalikuwa ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa askari Wahindu ng'ombe ni mnyama wa kuheshimiwa, na kwa Waislamu nguruwe ni haramu. Wakuu wa jeshi waliruhusu askari wajipakie wenyewe mchanganyiko wa nta na mafuta wanayoyakubali, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika, na ruhusa yenyewe ilionekana kuwa ushahidi kwamba uvumi ulikuwa wa kweli.

Mwezi Aprili 1857 askari 85 wa kikosi cha farasi huko Meerut walikataa kuzipokea risasi. Tarehe 9 Mei walivuliwa sare mbele ya wenzao na kufungwa minyororo. Kesho yake uasi ulilipuka. Vita vilivyofuata viliua watu wengi sana, na mwaka 1858 utawala wa kampuni ulikomeshwa na Uhindi ikawekwa chini ya serikali ya Uingereza moja kwa moja. Wanahistoria wanakubaliana kwamba uasi ulikuwa na sababu nyingi, kama vile kodi, unyang'anyi wa falme na dharau kwa wenyeji. Mafuta ya risasi yalikuwa cheche tu iliyoangukia majani makavu.

Afrika ya Mashariki

Katika mwaka huohuo wa 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kuelekea Tabora. Kati ya Ugogo na Unyamwezi walivuka pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo sehemu yake kubwa iko katika wilaya ya Manyoni na eneo la Itigi mkoani Singida. Misafara ya watu wa pwani na Wanyamwezi ilipita njia hiyo kubeba pembe za ndovu, na ilirudi bara na nguo, shanga, baruti na bunduki.

Bunduki zilizoenea bara zilikuwa hasa za mtutu laini za kushindilia kwa mbele, ambazo Kiswahili huziita magobore. Gobore halina mifuo ya kuizungusha risasi. Gololi yake huwa ndogo kuliko mtutu, na nafasi iliyobaki hujazwa kwa kitambaa, majani makavu au nyuzi za magome. Ulainishaji wake ulitegemea kilichopo: shahamu, samli au nta. Palipokosekana metali ya risasi vilitumika vipande vya chuma au mawe, ambavyo hukwaruza mtutu hata kama vimepakwa mafuta.

Gobore lilidumu kwa sababu za kisheria pia. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za mtutu laini za jiwe la gumegume, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa usimamizi. Wakati Ulaya ilipokuwa ikibadili silaha zake, Waafrika wengi walibaki na teknolojia ya babu zao.

Hata jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki halikuwa la kisasa lote. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wake bado walishika bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi na risasi ya milimita 11. Risasi hiyo ya gramu 25 ilizungushiwa karatasi na kuwekewa kizibo cha nta chini yake. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililoonyesha mahali askari alipo. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, makundi ya nyuki walioshtushwa na milio ya silaha waliwashambulia wapiganaji, na Waingereza walikumbuka vita hivyo kwa jina la nyuki.

Nta ya Singida

Misitu ya miombo na vichaka vizito vya Itigi ni makazi mazuri ya nyuki, nao Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao wamefuga nyuki tangu zamani kwa mizinga ya magogo na ya magome iliyotundikwa mitini. Hifadhi ya nyuki ya Aghondi iko katika mkoa huu. Wanyaturu husimulia pia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye silaha yake ilikuwa makundi ya nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake.

Nta hupatikana baada ya asali kukamuliwa. Masega huchemshwa katika maji, huchujwa kwa kitambaa au gunia safi, kisha mchanganyiko huachwa upoe polepole. Kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji, huelea na kuganda juu, na uchafu uliobaki chini yake hukwanguliwa kwa kisu. Nta haiyeyushwi juu ya moto wa moja kwa moja kwa sababu ikipata joto sana hushika moto. Huwekwa katika chombo kilichomo ndani ya sufuria ya maji. Chombo kisiwe cha chuma chenye kutu, maana nta hubadilika rangi na bei yake hushuka.

Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje tangu enzi ya Wajerumani. Wanunuzi wake wakuu leo ni viwanda vya vipodozi, mishumaa, dawa na vyakula. Vilainishi vya risasi hutumia sehemu ndogo tu. Hata hivyo sifa zinazotafutwa ni zilezile: nta iliyo safi, isiyochanganywa na mafuta ya taa au nta ya petroli, na yenye kiyeyuko kinachotabirika. Mfugaji anayetupa masega baada ya kukamua asali hutupa zao ambalo, tofauti na asali, haliharibiki kwa kuwekwa muda mrefu.

Mbinu za kisasa

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Risasi zilianza kwenda kasi sana kiasi kwamba metali tupu haikustahimili, na majeshi yakazifunika kwa ganda la aloi ya shaba. Risasi ya ganda haihitaji kupakwa mafuta. Tangu hapo kilainishi kikabaki jambo la wapiga shabaha na wawindaji wanaosubu risasi zao katika nchi zinazoruhusu, hasa Marekani, Australia na baadhi ya nchi za Ulaya.

Mbinu zao kuu ni nne. Ya kwanza ni mashine ndogo ya mkono inayosawazisha kipenyo cha risasi na papo hapo kusukuma kilainishi kigumu katika mifereji yake. Mchanganyiko uliopata sifa huko Marekani katika karne ya 20 ni nusu nta ya nyuki na nusu Alox, mafuta ya viwandani yaliyokusudiwa kuzuia kutu. Ya pili ni kilainishi cha majimaji: risasi huzungushwa ndani yake hadi zipate utando, kisha huanikwa. Ya tatu ni kipande chembamba cha shaba kinachofunika kitako cha risasi ili gesi isikichome. Ya nne, iliyoenea katika karne hii ya 21, ni kupaka rangi ya unga, ileile inayopakwa milango ya chuma na vyombo vya nyumbani. Unga huokwa kwa joto hadi uwe ngozi ngumu ya plastiki inayotenganisha metali na mtutu. Mbinu hii haitoi moshi wa mafuta, na hupunguza vumbi la metali linalobaki mikononi.

Pamoja na mabadiliko hayo, nta ya nyuki haijaondoka. Wanaotumia bunduki za kale katika michezo huipendelea, kwa kuwa mafuta mengi ya petroli yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi hutengeneza ukoko mgumu.

Hatari kwa afya

Metali ya risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi linalovutwa au kumezwa, hasa kwa kula bila kunawa mikono. Hudhuru ubongo, figo na damu, na watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Uyeyushaji jikoni au uani huacha vumbi katika vyombo, nguo na udongo, na sufuria iliyotumika haifai tena kwa chakula.

Hatari huzidi pale metali inapotolewa katika betri kuukuu za magari, ambazo zina asidi na mchanganyiko wa sumu nyingine. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Anayeyeyusha kilo chache za metali hiyo ili kutengeneza vizito vya nyavu, au gololi, hukutana na sumu ileile kwa kiwango cha nyumba moja.

Sheria nchini Tanzania

Nchini Tanzania umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtu binafsi haruhusiwi kumiliki silaha bila leseni wala kujitengenezea silaha au risasi nyumbani, na gobore halisamehewi kwa kuwa ni la kienyeji. Jeshi la Polisi limetangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Tanzania pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kudhibiti silaha ndogo.

Kwa hiyo risasi za kusubu na vilainishi vyake nchini ni habari ya makumbusho na ya masomo ya historia na kemia. Nta yenyewe haina kizuizi cha namna hiyo: ufugaji nyuki una sheria yake ya mwaka 2002, na vijana husomea kazi hiyo katika chuo cha ufugaji nyuki cha Tabora, mkoa unaopakana na Singida.